Karatasi ya Pande Mbili

Ofisini walimwita Kifutio, na yeye alijua. Hakuna bosi asiyejua jina lake la mgongoni. Wapo tu wanaojifanya viziwi. Jina lenyewe alilipata kihalali. Tangu apewe ukuu wa ubunifu katika studio ile ya ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo, kazi yake kubwa ilikuwa kutoa. Ukimletea boksi la majani ya chai lenye rangi tano, atakuuliza tatu ni za nini. Ukimletea chupa yenye lebo mbele na nyuma, atakuuliza kama mnunuzi ana macho kisogoni. Plastiki ya kung'arisha aliifukuza mapema, karatasi za dhahabu zikafuata, na siku hizi wateja wenyewe walikuja wakisema, "Tunataka kitu kisichobaki jalalani," naye anatabasamu kama mtu aliyeambiwa amependeza.

Kwa hiyo watu walimheshimu. Alialikwa kwenye makongamano, akapigwa picha ameshika maikrofoni, akaandikwa kwamba ni kiongozi wa ubunifu unaojali dunia. Lakini kuna jambo moja ambalo hakulisema kwenye maikrofoni yoyote. Hakuwa anachora tena. Alisahihisha, akaelekeza, akaidhinisha, akajibu simu. Penseli aliishika ili kuonyeshea tu. Mara mojamoja, wenzake wakishatoka kwenda kula mchana, alitandika karatasi tupu na kuikodolea macho mpaka wakarudi. Mkono haukujua pa kuanzia. Aliogopa kumwambia mtu yeyote, hata mumewe, kwamba huenda kile kitu kimeshaondoka, na kwamba bila hicho yeye ni karani tu mwenye kiti kizuri.

Studio ilikuwa na taratibu mbili alizozianzisha mwenyewe. Ya kwanza, karatasi mpya hainunuliwi mpaka zilizopo zijae pande zote. Michoro ya zamani, mabango yaliyokosewa, sampuli za wachapaji, vyote viliwekwa kwenye kabati refu karibu na dirisha. Anayetaka kuchora anachukua, anageuza, anachora mgongoni. Hata yeye alikuwa ameleta rundo kutoka nyumbani, karatasi nene za enzi alipokuwa bado akichora, baada ya mumewe kumwambia achague moja, karatasi au kitanda cha wageni. Alilibeba bila kulifungua, maana vumbi lake peke yake lilimtosha.

Utaratibu wa pili ulikuwa wa Ijumaa. Kazi za wiki zilibandikwa ukutani bila majina, na kila mtu alishika kipande cha karatasi nyeupe kisichozidi kiganja. Unapita ukifunika kitu kimoja katika kila kazi: ua, mstari, neno, chochote. Kazi ikisimama vizuri bila kitu hicho, basi hakikuhitajika, kinatoka. Na hakuna kuuliza kazi ni ya nani mpaka uamuzi upite. Kuna watu waliwahi kutoka chumba kile wakilia, na Jumatatu walirudi.

Ijumaa hiyo ukuta mzima ulikuwa wa mama wa sabuni. Mama huyu alikuwa na kiwanda kidogo kilichoanza kukua, sabuni yake haikuwa na longolongo, na alipowapa kazi alisema maneno machache tu: "Nifungieni vizuri. Ila sitaki kupita mtaroni nikaliona jina langu linaelea." Angekuja Jumatatu asubuhi kuchukua alichopewa. Wachoraji wote walikuwa wamehangaika wiki nzima, na kila mmoja alikuwa na boksi lake.

Aliyekosekana ni Kimya. Huyu alikuwa mchoraji mgeni kuliko wote pale, mwanamke aliyepewa jina hilo kwa sababu angeweza kukaa kutwa nzima akijibu watu kwa nyusi. Alikuwa ameenda kiwandani kutazama sabuni zikikatwa, akachelewa, akampigia simu Herufi, kijana mchora maandishi, mwenye maneno kwa niaba ya watu wawili. "Nibandikie yangu. Karatasi kubwa, iko mezani." Herufi aliiona, akaibandika kwenye kona karibu na swichi ya taa, akarudi kwenye chai yake.

Alasiri chumba kile kilikuwa na tabia ya kulewa mwanga. Chini barabarani mafundi walibeba vioo kuviingiza dukani, na kila kioo kilipopita, jua liliruka kutoka barabarani likaja kuogelea darini, likatulia kidogo, likaondoka. Kifutio alipita ukutani katika mwanga huo, akifunika hapa, akifunika pale, akisema "toa" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kisha akafika kwenye kona.

Ilikuwa buluu, ila si buluu moja. Chini ilikuwa nzito, ikapanda ikipungua taratibu, mpaka juu kabisa ikawa ile rangi ya mbingu wakati watu bado hawajaamka. Katikati palikuwa na dirisha lililolowa, au labda si dirisha. Na nyuma yake kilining'inia kitu cheupe, shuka, au mvuke, au mtu aliyelala akiwa wima. Pembeni chini palikuwa na jani moja jekundu, dogo, limelala upande. Kifutio aliinua kipande chake cheupe, na mkono ukabaki hewani. Akasikia harufu ya poda. Akasikia usingizi, ule mtamu unaomkamata mtu ameketi, na kwa muda hakujua kama amesimama ofisini au yuko mahali fulani anapopajua sana na ambapo hajawahi kwenda. Alitaka kulia, na hakuwa na sababu hata moja.

"Jamani," Herufi alinong'ona, "Kifutio ameshindwa kufuta." Ndipo akakumbuka jina lile haliitwi mbele ya mwenyewe, akajifunika mdomo kwa kikombe.

"Nimesikia," alisema Kifutio, bila kugeuka. "Na ni kweli. Sioni cha kutoa hapa."

Basi ikawa sherehe. Wachoraji wakiruhusiwa kusifu, ukae mbali. Mmoja alisema ule weupe ni usafi wenyewe, usafi kama wazo. Mwingine alisema rangi imepewa uchakavu wa makusudi, ili bidhaa ionekane imeishi. Herufi alitoa hotuba nzima juu ya jani jekundu, kwamba limewekwa pale ambapo mjinga asingeliweka, na kwamba jani hilo ndilo mazingira, ndilo dunia, ndilo sisi sote. Kwamba hapakuwa na jina la sabuni mahali popote, wala sabuni yenyewe, watu wote waliliona hilo na wote wakaliita ujasiri.

"Lakini bosi," alisema mmoja, "hapa naona rangi sita, kama si saba. Si wewe uliyetuambia mwisho mbili?"

"Tutatafuta njia," alijibu Kifutio. Watu wakatazamana, maana maneno hayo walikuwa wakiyasema wao, naye ndiye aliyekuwa akiyakataa. "Hii ndiyo ya Jumatatu. Ni ya nani?" Herufi akamtaja mwenyewe. "Huyu Kimya ana mambo makubwa."

Alipiga picha kwa simu, na alirudi nyumbani katika hali ambayo hata yeye angeicheka angeiona kwa mtu mwingine. Buluu ilimfuata. Ilikuwa kwenye vivuli vya kuta, kwenye moshi wa magari, kwenye maji ya bomba alipoyaacha yatiririke huku amesimama na sufuria mkononi. Jumamosi yote alitembea ndani ya nyumba kama mgeni anayependa nyumba ya watu. Na chini ya utamu huo palikuwa na kitu kichungu, wacha tukiseme: wivu. Mtu mwingine alikuwa amekwenda mahali pale akarudi na ushahidi, na yeye njia ilikuwa imemfungia.

Jioni mumewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa akipiga pasi sare zake sebuleni. Binti yao alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya ukuta, kama walivyo watoto waliovuka kimo cha mama zao. Kifutio alimwekea mumewe simu mbele ya macho.

"Tazama kazi hii. Ni ya mchoraji wangu."

Mumewe alitazama, akaiweka pasi wima, akatazama tena. "Umeifufua wapi hii?"

"Nimekwambia, ya mchoraji wangu. Ya wiki hii."

"Mchoraji wako gani, mke wangu? Huyo mchoraji ndiye wewe." Alianza kucheka. "Hii uliichora huyu mtoto akiwa hata shingo haijakaza. Ulikuwa hulali. Unanyonyesha huku, unachora huku, ukiulizwa unasema 'sichori, napumzika.' Mimi nilikuwa namshika ukichoka mkono. Na hili si jani."

"Ni nini?"

"Ni unyayo wa bintiyo. Nilimwinamisha akupe busu, kisigino kikaingia kwenye kopo la rangi, kikatua hapa. Nilidhani utaniua. Ukasema, 'Acha, pamependeza.'"

"Mguu wangu uko kwenye sabuni?" aliuliza binti kutoka kwenye kochi. "Basi nalipwa."

Kifutio alikaa chini sakafuni, pale pale, kwenye nguo zilizokuwa zikisubiri pasi. Akakumbuka hotuba ya Herufi juu ya kisigino cha mtoto, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka yakasahau kwamba yalikuja kwa kicheko. Miezi ile hakuikumbuka. Ilikuwa imepita katika ukungu wa maziwa na usingizi wa kuibia, na alikuwa amedhani haikuacha kitu zaidi ya mtoto. Kumbe mahali pale anapopajua na ambapo hajawahi kwenda, alikuwa ameishi. Furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa, ya kitoto, isiyo na aibu. Studio nzima ilisimama mbele ya mkono wake bila kujua, na hakuna aliyepata cha kutoa.

"Jumatatu naipeleka," alisema. "Na safari hii naweka jina langu."

"Ipeleke," alisema mumewe, akarudi kwenye kola ya sare. Alinyoosha upande mmoja, akageuza. "Ila huyo Kimya wa watu, yeye alichora nini?"

Hakuwa ameliwaza hilo. Alijibu kwamba karatasi labda zilichanganyika, kwamba Herufi ni mtu wa haraka, kwamba atauliza. Lakini yeye ndiye aliyeweka sheria ya migongo ya karatasi, na alijua vizuri sana ni wapi pa kutazama. Jumapili aliimaliza bila kutaka kujua. Alitandika karatasi mezani, akakaa na penseli yake, akasubiri mkono ukumbuke njia, na karatasi ikabaki nyeupe mpaka binti yake akaja kuomba meza ya kufanyia kazi za shule.

Jumatatu alifika kabla ya wote. Chumba kilikuwa na baridi, duka la vioo halijafunguliwa, na ile buluu kwenye kona ilionekana inapumua. Alisimama mbele yake kwa muda. Angeweza kuiacha. Sabuni ingependeza, mama angelipenda boksi lake, na mbele ya jina lake kwenye makongamano watu wangeacha kusema mkuu, wangesema mchoraji. Alipiga moyo konde, akachomoa pini, akageuza.

Upande wa pili ulikuwa karibu mtupu. Kulikuwa na kipande cha sabuni kilichochorwa kwa penseli, hakuna boksi, hakuna karatasi, hakuna wino. Jina lilikuwa ndani ya sabuni yenyewe, limepenya kutoka uso mmoja hadi wa pili, kiasi kwamba ukikata popote unalikuta. Chini yake sabuni ile ile ilichorwa tena na tena ikipungua: imeanza kutumika, imelika nusu, imebaki ukanda mwembamba kama kucha, na jina bado linasomeka. Picha ya mwisho ilikuwa mkono mtupu, uliolowa, umefunguka.

Kifutio alimchukia Kimya kwa muda wa kupiga chafya moja. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kitu alichokihubiri miaka yote, kile ambacho hata yeye hakuwahi kukifikia kwa sababu kila alipotoa na kutoa alibakiwa na boksi, kilikuwa hapa, kimefanywa, na kimefanywa kwa utulivu na mtu asiyesema. Upande mmoja wa karatasi ulikuwa na kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora, nacho kingeishi juu ya boksi, na boksi lingeishia mtaroni. Alijua la kufanya. Aliumia kwa sababu alijua.

Mlango ulifunguliwa, Kimya akaingia na mkoba wake. Aliona karatasi mapajani kwa bosi, akasimama.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Njoo hapa. Ijumaa Herufi alibandika upande usio wako, unajua?"

Kimya aliinua nyusi, maana yake ndiyo.

"Nyusi leo sitaki. Sema kwa mdomo."

"Nilijua. Herufi alinitumia picha jioni ile ile."

"Na ukanyamaza."

"Niliiangalia ile buluu sana," alisema Kimya. Alikuwa akiongea na zipu ya mkoba. "Nikaona afadhali iende hiyo. Nzuri mno. Yangu haina kitu, bosi. Si unaona? Haina kitu kabisa." Kisha akauliza, "Ile ni ya nani?"

Angeweza kusema haijulikani. Kabati lilikuwa na michoro ya watu wengi waliokwishapita.

"Yangu," alisema Kifutio. "Ya zamani."

Kimya alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Wewe unachora hivi?"

"Nilikuwa nachora hivi."

"Basi si ndiyo iende! Bosi, mimi siwezi kusimama mbele ya ile. Wote wameichagua. Wewe mwenyewe umeichagua."

"Niliichagua kwa sababu niliipenda," alisema Kifutio, na sauti ilimpanda kidogo, kwa sababu hasira ni nyepesi kubeba kuliko huzuni. "Mama hakuomba tumpe nilichokipenda. Hiyo yako ndiyo kazi. Na usiniambie tena haina kitu, nisije nikakufukuza leo leo. Utaieleza mwenyewe."

"Mimi? Kuongea?"

"Wewe. Kwa mdomo."

Mama wa sabuni alifika wakati wenzao wameshajaa, anahema kwa ngazi, amevaa viatu vya kiwandani vyenye weupe wa unga wa magadi. Wachoraji walishangaa kuona kona ya swichi haina kitu, wakageukiana, lakini Kifutio alikuwa na sura ya kutoulizwa. Kimya alisimama na karatasi mikononi, na mikono ilitetemeka kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuona kilichochorwa.

"Nipe nikushikie," alisema Kifutio.

Akaichukua kwa ncha mbili za juu, akaiinua mbele ya uso wake, upande wa penseli ukamtazama mgeni. Kimya akaanza kuongea. Alianza vibaya, akarudia, akatafuta neno, kisha akasahau kuogopa. Alieleza jinsi alivyowaona wakimwaga sabuni kwenye visanduku vya mbao, jinsi jina lingeweza kumwagwa kwa rangi nyingine humo humo katikati, jinsi atakayeinunua atabaki na jina mkononi mpaka siku ya mwisho na baada ya hapo asibaki na kitu cha kutupa. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema katika chumba kile.

Kifutio hakumwona. Kilichokuwa mbele ya macho yake, karibu kiasi cha kugusa pua, kilikuwa buluu. Watu wote walikuwa ng'ambo ya pili, na huku alikuwa peke yake na lile dirisha lililolowa. Chini, fundi alipita na kioo. Jua likapanda, likaipenya karatasi, na kwa kitambo kidogo dirisha likawaka kutoka ndani. Aliona mahali brashi ilipoteleza kwa usingizi. Aliona kidole chake mwenyewe, alama ya kidole cha mtu aliyekuwa na umri wa Kimya, kimekauka kwenye rangi nyeupe. Mabega yalianza kumuuma kwa kuinua mikono, naye akaomba moyoni Kimya asimalize upesi.

Kimya akamaliza.

Mama wa sabuni akapiga paja lake. "Huyu mtoto kaongea sabuni! Siku zote watu wananiongelea karatasi. Ndiyo hiyo. Naondoka nayo hiyo hiyo, nikawaonyeshe vijana wangu kiwandani." Alinyoosha mkono, na Kifutio akampa. Mama akaanza kuikunja, akaona rangi, akaigeuza. "Hee! Na huku nyuma kuna nini?"

Chumba kizima kilimgeukia Kifutio. Kimya alifungua mdomo kusema, na bosi wake akamkataza kwa nyusi.

"Hiyo ni karatasi tu, mama," alisema Kifutio. "Hapa kwetu tunatumia pande zote mbili."

"Mnajua kubana," alisema mama, akacheka, akaikunja mara mbili, akaitia kwapani. Walimsikia akishuka ngazi kwa viatu vyake vizito. Kifutio alibaki amesimama, mikono bado imeinuka kidogo, mpaka Kimya alipokuja akasimama pembeni yake.